Pua ya Jikoni

Kila nyumba yetu sisi watu wa bondeni imefungiwa pua, kidude cheupe kinachonusa nyama ya porini. Ikiwaka, familia inahamishwa siku hiyohiyo. Wenye leseni hawafungiwi. Wao hushuka na ndege, wakamlipua nyati, wakapiga picha na kukata kichwa, kisha sisi tunaambiwa tuuache mzoga uoze kistaarabu.

Kwetu mwanamke akijifungua, supu yake ya kwanza ni ya mnyama aliyewindwa na baba wa mtoto. Tulianza hivyo kabla leseni haijazaliwa. Basi Shawa alipojifungua, mumewe Magandula akawinda digidigi, akamchemshia huko korongoni, mbali na pua.

"Kunywa, mama watoto. Huku wanuse mashuzi yao."

"Na ule unga wa supu waliotugawia?" Shawa akauliza.

"Wakaogeshee mbwa wao!"

Walirudi nyumbani wakicheka. Shawa akaketi jikoni, akamnyonyesha mtoto mpaka akashiba. Mtoto akacheua maziwa kidogo begani kwa mama yake.

Pua ikageuka taratibu, ikamwelekea mtoto, ikaanza kunusa.

Shawa akamziba mwanawe mdomo kwa kiganja.