Waya wa Mlangoni

Bodi inayoongoza joto la mashine ya kutotolea vifaranga ilikuwa imepoteza mipangilio yake. Tangu asubuhi Salha alikuwa akichomoa na kuchomeka waya wa USB hadi vidole vikamuuma. Taa ya bodi iliwaka, lakini kompyuta haikuiona, na mayai yalizidi kupoa.

“Huo ni wa kuchajia simu tu,” alisema mumewe, Mbwana, kwa uchovu. “Haupitishi data. Ule uliokuja na bodi uko wapi, Mama Rukia?”

Salha aligeukia mlango wa mashine. Komeo lilipovunjika, yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga kwa waya ule. Akaufungua waya, akampa Mbwana, kisha akauegemea mlango kwa mgongo ili joto lililobaki lisitoroke.

“Imeiona!” alisema Mbwana alipouchomeka.

Salha akamwashiria anyamaze. Nyuma ya mgongo wake kitu kilidonoa ganda, kikatulia.