Kabati la Marehemu

Dada yake alipobisha hodi, Kitwana alikuwa ameshatoboa ubavu wa kabati la vyakula la marehemu mama yao. Hawakuwa wamesemezana tangu walipoligombania siku ya kugawana vyombo.

Mwanaidi alisimama uani akilitazama bomba refu lililotoka kwenye jiko la kuchomea nyama, lile linalotumia punje za mbao, likaingia kabatini.

"Umelitoboa," alisema.

"Nimelitoboa, dada." Kitwana alijikaza. "Ndani ya jiko joto ni kali, samaki anaiva kabla hajashika moshi. Nikaona moshi usafiri kwanza, umfikie umepoa. Nilitamani samaki wa mama."

Alingoja matusi, na moyoni alijua anayastahili. Mwanaidi alifungua mlango wa wavu akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Moshi ulikuwa mwororo, hauchomi. Samaki walilala kwenye rafu ambako mama alikuwa akificha visheti ili wanawe wasivimalize.

"Huwageuzi?" aliuliza.

"Sikujua kama wanageuzwa."

"Ungejulia wapi, na jikoni ulikuwa unafukuzwa?"

Kitwana alicheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga. Mwanaidi alijifunga kanga kiunoni, akaanza kuwageuza samaki mmojammoja, taratibu, ngozi juu. Moshi ulitoka kwenye wavu ukamzunguka kichwani na mabegani, naye hakusogea pembeni.