Toleo Lililokosekana

Mara ya nne Mama Kornelia alipomkatia simu, Adolphine aliitupa yake kwenye kochi na kutamka maneno ambayo mwanakwaya hapaswi kuyatamka.

Mwanamke gani huyu! Ana gazeti moja tu la Kiarabu, amelitia kwenye fremu na kulitundika sebuleni kwake Buffalo, na hataki hata kulizungumzia. Huku Louisville, mtaa wa Beechmont, Mzee Babiker amemaliza miaka minane akiandika historia ya magazeti ya kila siku ya Sudan: lipi lilianza, lipi lilifungwa, nani alitiwa ndani. Limebaki pengo moja. Toleo hilohilo.

Kazi ya Adolphine ilikuwa kumhudumia mzee huyo, kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa. Kiswahili mzee alikiokota Nairobi, ukimbizini. Alikuwa mhariri Khartoum, na alimsimulia jinsi askari walivyochukua nchi, wakafunga magazeti na kuchoma makaratasi. Adolphine alisikia damu ikimchemka. Kwao Uvira askari walichoma nyumba na kila karatasi iliyokuwa na jina la baba yake. Wanaochoma na wanaoficha, kwake wote lao moja.

"Nenda mwenyewe," Mzee alimwambia. "Jina langu usimtajie. Mama huyo ni mtu wa Juba, kusini, na wa Juba hawatupendi sisi wa kaskazini. Na usilipitishe kwenye mashine ya kopi. Mwanga ule unaua karatasi kuukuu."

Jumamosi alipanda basi hadi Columbus. Shemeji yake Byamungu wa Reynoldsburg, ambaye ndiye aliyeliona gazeti hilo siku ya maombi nyumbani kwa Kornelia, akampeleka kwa gari hadi huko, mtaa wa Black Rock, Buffalo. Njia nzima Adolphine alikuwa akifoka, na Byamungu akaongeza sauti ya redio.

Kornelia alikuwa mjane mwembamba, Kiswahili chake cha kambi ya Kakuma. Aliwapa chai, kisha akakataa kulitoa gazeti. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akipanga herufi za gazeti lile. Askari walimchukua na hakurudi, na karatasi ile ndiyo kaburi pekee alilokuwa nalo.

Adolphine alishindwa kuvumilia. Machozi ya hasira yalimtoka.

"Bon, Mama, nikuambie. Askari walichoma, na wewe unafungia. Tofauti iko wapi? Watu watajuaje?"

Kornelia aliigeukia fremu ukutani.

"Huyo mwandishi wako ataandika majina yote ya ukurasa wa mbele? La mume wangu limo."

"Yote. Naapa mbele za Mungu."

Mjane akalishusha mwenyewe ukutani, akalitoa kwenye fremu, akalifunga kwa kitenge.

Jumatatu asubuhi Adolphine alilitandaza mapajani kwa Mzee, kwenye kiti chake cha magurudumu, akamweleza kiapo alichokula. Mzee alimshukuru, akaomba amletee barua kutoka kwenye sanduku la nje. Aliporudi, jikoni kulikuwa na moshi. Kwenye sinki palibaki majivu ya gazeti na kipande cheusi kisichotosha hata kufungia karanga.

Adolphine alimshika Mzee mabega akamtikisa, jambo ambalo lingemfukuzisha kazi.

"Majina! Nilimwapia yule mama majina!"

Mzee akayataja yote sita, polepole, bila kubabaika. La tatu lilikuwa la mume wa Kornelia.

"Siwezi kuyasahau," alisema. "Niliyaandika mimi mwenyewe kwenye ukurasa ule wa mbele, nikaweka sahihi yangu chini: wahaini sita wa gazeti letu. Jioni ileile askari wakaja kuwachukua."