Kadi Mbili Mezani

"Hii ni aibu!" Jeremia, Katibu wa hospitali, aliitupa kadi ya kliniki mezani, ikateleza mpaka mbele ya Frida.

Frida hakuigusa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mkuu wa kitengo cha uchapaji cha hospitali hiyo ya Bangwe, kuanzia kadi za wajawazito hadi fomu za likizo. Tangu huyu Katibu aje, mwaka jana tu, kila kazi ilirudi na maneno. Mara wino umefifia, mara karatasi imekatwa upande. Frida alimchukia, wala hakuficha.

Leo kamati ilikuwa inaamua kitengo kibaki au kifungwe. Kikifungwa, yeye na Bariki, fundi wake wa mashine, hawana kazi.

Kando ya kadi yake iliwekwa nyingine, ya duka la uchapaji la Feliksi kule Ujiji. Maneno yaleyale, karatasi ileile.

"Angalieni ya Feliksi," Jeremia alisema. "Wino umekolea, mistari imenyooka. Hii ya kwako, mama, kama umechapa kwa mkaa!"

"Mkaa uko machoni mwako, Katibu."

"Mnamsikia? Jeuri tupu!"

Kadi zikapita mkono kwa mkono. Matroni Eufrasia akazipeleka dirishani, akazigeuza, akaguna. "Kwa kweli hii ya Ujiji inapendeza zaidi," alisema bila kumtazama Frida.

Frida naye aliichukua. Aliitafuta kasoro mpaka macho yakamuuma. Hakuna. Ilikuwa kazi safi kabisa, na roho ilimuuma kwamba aliipenda.

Mikono yote ikanyooshwa. Jeremia akagonga muhuri palepale: kitengo kimefungwa, kadi elfu kumi apewe Feliksi.

"Ufunguo," alisema, akikinga kiganja.

Frida akaubwaga sakafuni ili Katibu ainame mwenyewe, akatoka.

Kwenye korido Feliksi akamkimbilia, mkataba mkononi, jasho likimtiririka.

"Shika njia yako," Frida alimwambia. "Si umeshinda?"

"Dada Frida, nisikilize kwanza. Mashine yangu imekufa tangu Pasaka. Ile kadi alinichapia Bariki humuhumu kwenu, juzi ulipokwenda msibani Kalinzi." Akautazama mkataba. "Sasa wamefunga. Hizi elfu kumi nitazichapa wapi?"