Gogo Lililoziba Mlango

Alikuwako Nungunungu aliyetoka kutafuta mizizi, na aliporudi akakuta mti mkavu umeanguka na kuziba mlango wa shimo lake. Watoto wake walikuwa ndani, wanalia. Alisukuma mpaka mabega yakamuuma, lakini gogo halikutikisika.

Akapita Korongo, ndege aliyesifika kwa kutokosea neno.

"Usijisumbue, mama," alisema. "Mti uliokufa huoza wenyewe, bila kusukumwa na yeyote. Mlango utafunguka."

Nungunungu akafarijika, akaketi kungoja. Jua likapanda, likaanza kushuka. Vilio vya watoto vikafifia, na gogo likawa vilevile.

Mchwa waliokuwa wakipita wakamwuliza anangoja nini.

"Nangoja gogo lioze. Korongo kaniambia litaoza."

"Kasema kweli," wakajibu. "Je, alikwambia litaoza lini?"

Nungunungu akatazama lile gogo, kisha akaangua kilio. Mchwa wakaitana, wakaja kundi kwa kundi, wakaingia ndani ya gogo na kulitafuna bila kupumzika, hadi likabomoka kwa teke moja la Nungunungu. Watoto wakatoka wakiyumba, wakakimbilia kunyonya.

Korongo aliporudi akafurahi sana. "Si nilikwambia, mama? Limeoza!"

"Ulisema kweli," akajibu mkubwa wa mchwa. "Lingekuwa jiwe, hata sisi tusingeliweza. Gogo hili lingeoza hata kama tusingekuja. Lakini siku hiyo mlango ungefunguka, na ndani mngekuwa na mifupa."