Birago Anafumua Hariri

Birago alivuta uzi mmoja kwenye pindo la ile hariri nyekundu, nguo ikaanza kufumuka.

"We! Una wazimu?" Nilipiga kelele hadi kuku wakakimbia. "Nimeibeba kichwani toka pwani!"

"Ndiyo maana shingo imeingia ndani kama ya kobe," akasema, wala hakuniangalia.

Ilikuwa zawadi ya kumuaga. Wazungu wa ngome ya pwani walishusha vitambaa kila meli ilipotia nanga, na watu wakaacha kununua vyetu sisi wafumaji wa mji huu wa Bonwire, pamba tupu, nyeupe na buluu. Nilichoka. Kesho yake nilikuwa narudi pwani kuwa mpagazi wao, na Birago, mke wangu, alijua.

"Nguo hii kila mke wa tajiri anayo," alisema. "Mimi nitaringa nayo wapi?"

Alizungushia uzi kwenye kidole gumba cha mguu, akalamba vidole, akavuta. Ukatoka mrefu, unang'aa, mwekundu kama pilipili iliyoiva. Rangi hiyo hatujawahi kuipata kwenye gome wala jani lolote.

Nikachuchumaa, nikaugusa.

"Nani mwingine hapa mjini ana uzi kama huu?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi nifumie nguo yangu. Au wapagazi hawafumi?"

Nilitazama mzigo wangu uliofungwa pale mlangoni. Halafu nikanyoosha mguu wangu mbele yake, kidole gumba juu, apate pa kuzungushia uzi wa pili.