Mlango wa Ngiri

Msinibishie, haya nimeyaona kwa macho yangu mawili. Ngiri alinenepa mpaka akawa anakwama mlangoni mwa shimo lake. Jirani yake Nungunungu, mkimbiaji wa kila alfajiri, akamwambia, “Twende wote, jirani. Utapungua kidogo kidogo.”

“Jumatatu, ndugu yangu,” akajibu Ngiri. Jumatatu ikifika, anachimba kuupanua mlango, kisha anarudi kula.

Siku Fisi alipowatokea, Nungunungu alipenya kwake kwa taabu, maana mlango wake ulikuwa mwembamba. Ngiri aliingia kwake kama bwana harusi, akacheka, “Mlango wangu haunibani!”

“Hata mimi haujanibana, mzee,” akasema Fisi nyuma yake.

Hayo maneno ya Fisi, kusema kweli, nimeyatunga mwenyewe. Kinywa chake kilishajaa.